Wanangu, muuguzi wa zahanati hayumo kwenye andiko lenu

Kwa wanangu wa maabara na wa wodi, ninyi mnaokesha mkiandika maombi ya ruzuku ili ugunduzi uwe tiba,

Juma lililopita nilialikwa kukata keki, kwa kuwa siku hizi hiyo ndiyo kazi tuliyobakiziwa wastaafu. Timu moja ya vijana wetu, ambao baadhi yao niliwafundisha mwenyewe kushika pipeti, ilikuwa imeshinda ruzuku kubwa ya kuyageuza matokeo ya maabara yawe tiba, na juu ya keki hiyo kulikuwa kumeandikwa, kwa krimu ya buluu, idadi ya dola walizoshinda. Jina la ugonjwa halikuwamo.

Kabla ya hotuba nilitoka kutafuta maliwato, na katika korido ya nyuma nikakutana na jokofu ninalolifahamu kama ninavyowafahamu wajukuu zangu. Nilipostaafu lilikuwa likinguruma usiku na mchana kwa nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Sasa lilikuwa limezimwa, mlango wake umewekewa kipande cha boksi usijifunge ili lisitoe harufu, juu yake yamepangwa makatoni ya maji ya kunywa ya semina, na kwenye swichi ya ukutani bado imebandikwa tepe yenye mwandiko wangu: USIZIME. Ndani yake ilikuwamo damu ya watoto iliyokusanywa kwa miaka mitatu, ambayo mama zao waliitolea ridhaa kwa kutia dole gumba baada ya sisi kuwaahidi kwamba itasaidia watoto wengine. Nilipouliza ilikoenda, kijana mmoja alinijibu kwa adabu kabisa, mikono nyuma: “Mama, mradi ule uliisha.”

Nilirudi nikakata keki, nikapiga picha na kila aliyetaka. Taasisi sitaitaja, na anayeijua naye asiitaje, kwa sababu korido ya namna hiyo ninaweza kuwaonyesha katika miji minne. Barua hii ni ya neno lile, “uliisha”, ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo.

Ruzuku ina tarehe ya mwisho, kichocho hakina. Andiko la kuomba ruzuku lisilosema ni nani atakayeishika kazi asubuhi inayofuata tarehe ile, kwa mshahara wa nani na kwa umeme wa nani, ni andiko la kuajiri watu kwa miaka mitatu, hata likiwa na vielelezo vya kupendeza namna gani. Ninachowaomba ni kwamba muanze kuandika kutokea mwisho. Anzeni na mkono wa muuguzi wa zahanati, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika kwenye mwembe, naye anampa mtoto dawa yenu. Kisha mrudi nyuma hatua kwa hatua, dawa hiyo ilifikaje pale, nani aliinunua, nani aliisajili, nani aliitengeneza, hadi mfike kwenye benchi lenu la maabara. Mkifanya hivyo mtagundua kwamba sehemu mnayoijua vizuri ndiyo fupi kuliko zote.

Niruhusuni niwasimulie jambo la mate.

Miaka ishirini na kidogo iliyopita nilikuwa katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, tukigawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa watoto wa shule. Wengi wenu mnakijua kidonge chenyewe: kirefu, cha miligramu 600, chenye mistari ya kukivunjia, na chungu kiasi cha kumtoa machozi mtu mzima. Dozi tulikuwa tukiipima kwa ile fimbo ya urefu, ambayo huanzia sentimita 94. Mtoto mfupi kuliko hapo hakuwamo kwenye fimbo, kwa hiyo hakuwamo kwenye daftari, kwa hiyo hakuwa na kichocho. Lakini mama yake alikuwa akifua ziwani na mtoto yumo majini hadi kiunoni, na mkojo wa mtoto huyo ulikuwa na mayai ya minyoo ileile, au mavi yake, ikitegemea ni kichocho gani. Akina mama walinisihi. Nikachukua kikombe cha bati, nikakisaga kidonge kwa mpini wa kijiko, nikachanganya na uji wenye sukari, nikamnywesha mtoto mmoja wa miaka kama mitatu. Aliushikilia mdomoni kwa sekunde mbili, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa, kisha akautema wote kwenye koti langu jeupe. Dawa iliyobaki mwilini mwake ilikuwa kiasi gani? Hakuna aliyejua, na mimi sikuandika popote, kwa maana fomu haikuwa na nafasi ya kuandika mate.

Jambo ninaloliungama ni hili: niliporudi mjini niliandika andiko kuhusu kingamwili (protini za damu zinazopambana na ugonjwa) za watoto walewale, nikapata ruzuku, nikachapisha, nikapandishwa cheo. Mate yale niliyafua.

Waliokuja kuyachukua kama swali la sayansi ni wengine. Mwaka 2012 uliundwa muungano wa kutafuta prazikwanteli ya watoto wadogo, wakiwamo kampuni ya Merck ya Ujerumani, kampuni ya Astellas ya Japani na taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Uswisi, na baadaye fedha zikatoka katika mfuko wa GHIT wa Japani na mpango wa EDCTP wa nchi za Ulaya na Afrika. Hawakutafuta molekuli mpya. Prazikwanteli ya kawaida ni nusu mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, ambapo nusu moja ndiyo inayoua minyoo na ya pili inaongeza tu ukubwa wa kidonge na sehemu kubwa ya uchungu. Wakaichukua ile inayofanya kazi, wakaifanya kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka katika maji na kuvumilia joto la huku kwetu. Na hapa sikilizeni vizuri: sehemu ya fedha ilitumika hapa Tanzania kuwapa watoto wa miaka 6 hadi 11 dawa hiyo waisukutue mdomoni, waiteme, na waonyeshe kwenye kipimo wameipenda kiasi gani. Utafiti mzima ulikuwa wa kuonja na kutema! Mmoja wenu angelileta andiko la namna hiyo kwenye kamati niliyoketi mimi kwa miaka tisa, tungelicheka hadi chai ikatupalia, kisha tungempa fedha mwenye kingamwili.

Jaribio la hatua ya tatu, lile kubwa la mwisho kabla ya kuidhinishwa, lilifanyika Kenya na Kodivaa. Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kuikubali dawa hiyo Desemba 2023, na mwaka 2025 watoto wa kwanza wakaanza kuipata nchini Uganda. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu 2012, kisha muangalie andiko lenu la miezi 36 linaloahidi “tiba mpya” katika ukurasa wa kwanza. Mnamdanganya nani? Mfadhili amezoea. Ninyi wenyewe ndio mnaoamini.

Kuna mahali katikati ya maabara na wodi ambapo wataalamu hupaita bonde la mauti, na anayekumbuka Zaburi ya 23 atajua kwa nini jina hilo lilinishika haraka. Mfadhili wa mwanzo hulipia ugunduzi kwa sababu una makala, na mnunuzi wa mwisho hulipia dawa kwa sababu ina wagonjwa. Katikati kuna kuipima sumu yake kwa wanyama, kuitengeneza kundi kwa kundi kwa viwango vinavyokubalika, kuiweka rafuni miezi mingi ili kuona itaharibika lini, na kuandaa jalada la kuisajili dawa ambalo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba italisoma ukurasa kwa ukurasa. Hakuna jarida litakalowasifu kwa jalada. Hakuna kamati ya kupandisha vyeo ninayoifahamu inayolihesabu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987 na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021, na watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi walikuwa miongoni mwa waliochomwa sindano za majaribio yake. Baadhi yao sasa ni vijana wenye ndevu. Katika muda huo wote alihitajika mtu wa kuwatunza watu wa maabara, magari, daftari na majokofu kati ya ruzuku moja na nyingine.

Wala msinielewe kwamba ninawahimiza kukimbia. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron kuwa dawa ya UKIMWI, rais mwenyewe akiwa mbele ya kamera, na majaribio yaliyofuata yakaonyesha kwamba haina faida iliyodaiwa. Wagonjwa walikuwa wameshauza ng'ombe.

Mengine nitayataja tu, kwa kuwa mmeshayasikia na hamjayafanya. Mtakwimu aitwe kabla ya kukusanya data. Mshirika wa Ulaya asiwe ndiye anayeandika bajeti ninyi mkisaini. Hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, muiulizie kabla ya kuchapisha, kwa sababu ukishachapisha umechelewa. Bohari ya Dawa ina watu wanaojua bei na usafiri, waulizeni mapema. Masurufu yarejesheni kwa wakati. Na msimpe mhasibu wa mradi kazi ya kukisia bei ya dizeli.

Sasa nigeukie wakubwa, maana si haki kuwachapa watoto peke yao. Taasisi za taifa za afya za Marekani, ambazo zimelisha maabara zetu kwa miongo, kwa miaka mingi ziliruhusu taasisi za nje ya nchi yao kutoza asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji, yaani umeme, ulinzi, uhasibu, paa linalovuja. Februari 2025 zilipotangaza kwamba vyuo vya Marekani vyenyewe, ambavyo baadhi vilizoea zaidi ya asilimia 50, vitashushwa hadi 15, vyuo vilikwenda mahakamani vikieleza kwamba utafiti utakufa. Nilisoma habari hiyo nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa sababu jokofu langu liliishi na kufa ndani ya asilimia 8 ile. Mwaka huohuo shirika la misaada la USAID likafungwa, na majaribio ya dawa yakasimamishwa wakati washiriki wakiwa bado na dawa miilini mwao. Tulishtuka. Mtu anayekula chungu cha jirani kila siku hapaswi kushtuka sana jirani akihama.

Wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana zamani kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Tunao MTUSATE, mfuko wa taifa wa sayansi unaosimamiwa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ninaushukuru, nimewahi kunufaika nao. Lakini fedha ya nyumbani ndiyo pekee inayoweza kulipia vitu visivyo na keki: jokofu, fundi wa jokofu, na yule mwandishi wa jalada. Ikiwa hata fedha hiyo nayo itaombewa kwa idadi ya makala, basi tumejenga nyumba ya pili yenye korido ileile.

Mnakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni za kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500? Wasomi tuliwacheka waliokwenda, ingawa wapo wasomi niliowaona na macho yangu wakipanda magari hayo alfajiri. Dawa ile haikuthibitishwa kutibu, na wapo walioacha vidonge vyao vya VVU wakaumia, hilo sitalipamba. Ila mchungaji mstaafu wa kijijini alijua jambo ambalo sisi wenye shahada tumelisahau, kwamba mtu mgonjwa hulipima neno “tiba” kwa kitu kinachoufikia mkono wake. Wengi katika foleni ile walikuwa wametoka katika wilaya ambazo sisi tumechukua damu zao kwa miaka.

Wanangu, sijaandika haya kwa kuwachukia. Ninajua mnavyolala kwenye viti vya ofisi siku ya kufunga maombi, mtandao ukikatika saa tano usiku, mke au mume akipiga simu ambayo hamuipokei. Ninajua pia kwamba mkikosa ruzuku hakuna mshahara kwa mafundi sanifu wenu, na kwamba mwenye njaa hachagui swali. Mimi mwenyewe nilichagua kingamwili.

Kwa hiyo yeyote mwenye andiko linalofungwa mwezi ujao aniletee bajeti peke yake, bila utangulizi na bila barua za kuungwa mkono. Nitaanzia safu ya mwaka wa mwisho, na nitatafuta mistari mitatu: umeme, jalada, na muuguzi. Nipo barazani kila Alhamisi kuanzia saa kumi. Na timu ya keki ile, ninyi njooni na ufunguo wa korido, na mtu mmoja wa kunisaidia kushusha yale makatoni ya maji. Nimeshaongea na fundi wa majokofu. Amesema kompresa inaweza kuwa bado nzima.

Mama yenu mstaafu,
Mwanza