Zuhura ya Galileo haikumaliza ubishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe kauli inayorudiwa katika makala nyingi za sayansi: kwamba mwaka 1610 Galileo alielekeza darubini angani akathibitisha kuwa dunia hulizunguka jua. Hakuthibitisha, na waliompinga hawakuwa wajinga wote.

Alichokiona kilikuwa kikubwa, nakiri. Zuhura ilionekana ndogo, karibu mviringo kamili. Ikawa nusu, kisha hilali nyembamba. Kadiri inavyopungua mwanga ndivyo inavyokua, hata kipenyo chake kikafika kama mara sita ya mwanzo. Katika mfumo wa kale wa Ptolemy, unaoweka dunia katikati, Zuhura hukaa daima kati yetu na jua, kwa hiyo uso wake wote hauwezi kutuangazia. Mfumo huo ulianguka hapo. Lakini mwanaastronomia Tycho Brahe alikwishachapisha wa kwake mwaka 1588: sayari hulizunguka jua, nalo jua, likiwa na sayari hizo, huizunguka dunia iliyotulia. Chora mfumo huu na ule wa Copernicus, unaoweka jua katikati, upime pembe: sura za Zuhura ni zilezile.

Tycho alikuwa na hoja nzito. Kama dunia inasafiri, nyota iliyo karibu ingeonekana kuhama kidogo baada ya miezi sita, kama mti unavyohama mbele ya mlima machoni pa msafiri. Vyombo vyake vilipima hadi kama dakika 1 ya pembe, sehemu ya 60 ya digrii, na hakuona kitu. Alipima vizuri, nyota ndizo zilizokuwa mbali kupita alivyoweza kukubali.

Ushahidi kwamba dunia husafiri ulipita mlango mwingine. Katika miaka ya 1720 mwanaastronomia James Bradley aliona nyota zikiyumba kila mwaka, sekunde 20 za pembe kila upande (dakika 1 ina sekunde 60). Mwanga hutushukia kama mvua: anayetembea huinamisha mwavuli mbele. Dunia huenda kilomita 30 kwa sekunde, mwanga 300,000. Uwiano huo wa 1 kwa 10,000 ndio unaozaa sekunde 20.

Kuhama alikokutafuta Tycho kulipimwa na mwanaastronomia Bessel mwaka 1838, kwenye nyota 61 Cygni: sekunde 0.3 tu, karibu mara 200 chini ya uwezo wa vyombo vya Tycho.

Basi mkichapisha tena mchoro wa Zuhura ya 1610, wekeni kando yake mfumo wa Tycho.

Msomaji wenu