Krismasi njema, viongozi wenzangu

Bwana Yesu asifiwe!

Wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, wahazini, viongozi wa kwaya na wa vijana: nawatakia Krismasi njema, ninyi na wote wa nyumbani mwenu. Najua wengine mnasoma salamu hizi huku mnamtafuta mwenye ufunguo wa kanisa, na ratiba ya ibada bado haijakaa sawa. Poleni na kazi.

Msimu huu nimeirudia Mathayo sura ya 2, nikakwama kwa mfalme Herode. Tumezoea kumwona kwenye igizo la watoto, taji la karatasi kichwani, amekunja uso, nasi tunacheka. Lakini hebu msikilizeni anavyowaaga mamajusi: nendeni mkaulize habari za mtoto, mkimwona mniletee habari, "ili mimi nami niende nimsujudie." Hamna neno baya hata moja hapo. Kiongozi yeyote wa kanisa akiyatamka hayo madhabahuni, waumini wataitikia Amina. Ubaya ulikuwa umejificha nyuma ya maneno, na walioulipia kwa uhai wao ni watoto wachanga wa Bethlehemu.

Kisha yupo Yusufu. Injili zote 4 hazikutuachia neno hata moja la kinywa chake. Tunaambiwa tu kwamba alikuwa mtu wa haki, na kwamba alipodhani Mariamu amemkosea, hakutaka kumwaibisha. Baadaye akaambiwa amchukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri, akaondoka usiku uleule. Hakuaga, hakutangaza. Mimi ningetafuta angalau mtu mmoja wa kumhadithia.

Nayasema haya nikijua nilikotoka. Nilipokuwa mhazini, Jumapili moja niliondoka na bahasha ya sadaka mfukoni. Nyumbani kulikuwa na shida ya haraka, nikajiambia Jumatatu nairudisha. Niliirudisha Jumanne, yote, bila kupungua. Daftari likasoma sawa, hakuna aliyejua. Jumapili iliyofuata, mwenzangu wa kuhesabu akaweka sahihi yake chini ya yangu bila hata kuangalia tarakimu. Aliniamini. Nikabaki naitazama ile sahihi, wino haujakauka, nikatamani kama angeniuliza swali moja tu. Ilinichukua wiki 3 kumweleza mchungaji, na sijawahi kuziona wiki ndefu kama zile. Tangu hapo siigusi sadaka nikiwa peke yangu. Si kwamba natarajia kuiba. Nimeshajua jinsi "nitarudisha" linavyotoka kirahisi.

Ndiyo maana nampenda Paulo wa 2 Wakorintho 8. Michango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu ilikuwa mikubwa, naye hakuibeba kimya kimya. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akapata la kulaumu. Anasema wazi kwamba alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Huyo ni mtume! Sisi tukiombwa risiti ya maua ya madhabahu tunanuna: "Kwani huniamini?"

Basi kwa vile Desemba tunafunga hesabu huku tukiimba nyimbo za Krismasi, nina ombi moja. Kabla ya tarehe 31, mpe mwenzako daftari lako alikague, hasa yule anayependa kuuliza maswali. Mkaribishe kiti, kaa kimya, mwache ahesabu.

Wasalimieni watoto na wazee wa nyumbani. Mungu awape nguvu za ibada zote, ya mkesha na ya asubuhi. Na mtoto atakayevaa lile taji la Herode mwaka huu, mpigieni makofi mengi. Kapewa nafasi ambayo wenzake wote waliikataa.