Nimeshakipokea kigugumizi changu, sasa naambiwa nikitibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya huku vijijini mkoani Tanga. Nina miaka 38, mume na watoto wawili, na nina kigugumizi tangu nilipoanza kusema. Si kile cha kukwama mara moja moja mtu akishikwa na hasira. Changu ni cha neno kugoma kabisa: midomo imefunga, shingo imekaza, na aliye mbele yangu hajui aangalie wapi.

Nianze na nilivyoishi nacho, maana usipopajua hapo utanishauri kama wanavyonishauri wengine. Utotoni niliambiwa ni kwa sababu nilitekenywa sana nikiwa mchanga. Bibi akawa ananiwekea kokoto chini ya ulimi. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ananiruka kila zamu yangu ya kusoma ilipofika, nadhani kwa huruma, ila huruma ile iliniuma kuliko vicheko. Nilipokua nikasoma, nikajua kutekenywa hakuhusiki. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka miwili hadi mitano, hutembea katika ukoo, na watoto wengi hupona wenyewe. Katika watu wazima hubaki kwa kiasi cha mmoja katika kila mia, wanaume wakiwa wengi kuliko sisi. Babu yangu alikuwa nacho. Mjomba anacho hadi leo.

Mpaka naingia chuo cha uuguzi nilikuwa hodari wa kukwepa. "Kadi" ikigoma nasema "hiyo uliyoshika". "Kesho" ikigoma nasema "siku inayofuata", watu wakadhani napenda maneno ya kizamani. Lakini kazi yetu haina njia ya kuzunguka. Presha ikiwa 160 kwa 110 lazima uitaje hivyo hivyo. Dawa ina jina lake. Na ukiambiwa ujitambulishe kikaoni, jina lako huwezi kulibadilisha na la jirani.

Basi nikaacha kukwepa. Nikawa nasema mapema, kabla sijakwama: "Jamani mimi nina kigugumizi, nikikwama nisubirini, neno linakuja." Shangazi, sentensi ile ilinipa raha ambayo sikuwahi kuijua. Kina mama wa kliniki wakanizoea. Asubuhi nikifundisha dalili za hatari kwa wajawazito (kutokwa damu, kuumwa sana kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, mtoto kupunguza kucheza) nakwama humo humo, wanangoja, tunaendelea. Wapo wanaonimalizia maneno, nawatania kwamba basi wao ndio wachukue na mshahara. Na chumba cha kujifungulia sigugumii kabisa. "Pumua, sukuma, tena, tena," yanatoka kama maji, kwa sababu yana mwendo wake. Hata Yasini nikiisoma na wenzangu kwa pamoja hupati neno lililokwama. Nikibaki peke yangu ndipo mambo huanza.

Kwa hiyo nilijihesabu mtu aliyemaliza safari hiyo. Nimejikubali, watu wamenikubali, tumefunga faili.

Sasa muuguzi mfawidhi wetu anastaafu, na nimependekezwa nishike nafasi yake. Sijawahi kuiomba, lakini nilipoambiwa nilijikuta naitaka, na naitaka sana. Najua zamu zinavyopangwa vibaya, najua dawa zinapochelewa zinachelewea wapi, najua nani abadilishwe. Tatizo ni kwamba mfawidhi anaongea kutwa: ripoti ya asubuhi, vikao vya wilaya, kamati ya usimamizi ya kituo, wenyeviti wa vijiji. Zaidi ya yote, simu.

Simu ndiyo adui yangu. Mtu akiniona nimekwama anajua nimekwama. Kwenye simu anasikia kimya tu. Kuna usiku nilikuwa na mama mwenye presha ya kutisha, tumeshamchoma magnesiamu, nikapiga kutoa taarifa ya rufaa. Neno la kwanza likagoma. Aliyepokea akasema haloo, haloo, akakata akidhani mtandao. Nikapiga tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu nikampa mhudumu simu aongee yeye, mimi nikimwandikia kwenye kiganja cha glavu. Mama alifika, alipona, na mtoto wake anatembea. Siku hizi natuma ujumbe kwanza: "Napiga, nina kigugumizi, usikate." Inasaidia, ila si kila anayepokea amesoma ujumbe.

Mume wangu akasema chukua cheo, lakini anza tiba. Wataalamu wa tiba ya matamshi nchini ni wachache, huku kwetu sijapata hata mmoja, hivyo nikampata dada mmoja wa Dar es Salaam tunayeongea naye kwa video. Ni mkweli. Alinieleza mapema kwamba kwa mtu mzima hakuna kidonge wala ahadi ya kupona. Wengi hupata nafuu, wengi pia hurudi nyuma wakiacha mazoezi. Akaniambia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujenga namna mpya ya kusema: unavuta pumzi, unaingia neno taratibu, midomo inagusana kidogo tu, unaburuta irabu. Ya pili ni kubaki na kigugumizi chako lakini ukiondoe ukali, na humo unaambiwa ugugumie kwa makusudi mbele ya watu, dukani, sokoni, mpaka hofu ichoke. Akaniuliza ninachotaka ni nini: nisikwame, au niseme ninalotaka hata nikikwama? Nilishindwa kumjibu, na safari hiyo kigugumizi hakikuhusika.

Nimeanza na ya kwanza, na inafanya kazi! Nikiwa nimetulia naweza kutoa ripoti nzima ya zamu bila kukwama. Ila sauti ile siijui. Inakwenda bapa, kama mtu anayesoma tangazo la msiba redioni. Mama mmoja wa kliniki aliniuliza kama naumwa. Na akili yangu yote inakuwa mdomoni, najikuta nimesahau kumtazama mgonjwa usoni. Kabla ya hapo nilikuwa nakwama lakini nilikuwepo.

Pembeni kuna maneno ya watu. Mama yangu anasema Mungu ndiye aliyeniumba hivi, nikihangaika kujibadilisha ni kama namkosoa. Rafiki yangu kazini anasema kujikubali kukizidi kunakuwa kisingizio cha kubaki pale pale. Mjomba, ambaye ni mwalimu wa madrasa na anagugumia kuliko mimi, alinikumbusha dua ya Nabii Musa, alipoomba akunjuliwe kifua na lifunguliwe fundo la ulimi wake watu wapate kumfahamu. Kama Nabii aliomba, anasema mjomba, kuomba si kukufuru. Nilifurahi. Halafu nikakumbuka kwamba katika dua hiyo hiyo aliomba pia apewe nduguye Haruni wa kumsaidia. Yaani hakungoja ulimi unyooke ndipo aende kwa Firauni. Nilipomwambia mjomba hivyo alicheka, akasema basi nitafute Haruni wangu. Kituoni yupo kijana mmoja muuguzi, msemaji mzuri, angeweza kushika simu na vikao. Lakini wafanyakazi watamheshimu mfawidhi ambaye kila siku anasemewa?

Hayo yote ningeyabeba, Shangazi. Lililonifanya nikuandikie ni binti yangu.

Ana miaka saba na amerithi. Kwake mimi na baba yake tulikubaliana tangu mapema: hakuna kumkatisha, hakuna kumwambia "sema polepole" wala "vuta pumzi", anasubiriwa mpaka amalize, na tunajibu alichosema, si alivyokisema. Ni mtoto mwenye maneno mengi, mungu wangu, anaweza kukusimulia ndoto kuanzia magharibi mpaka isha huku akikwama kila mstari, na hana habari. Nilikuwa najivunia hilo kuliko cheti chochote nilichonacho.

Tangu nianze mazoezi, ananisikia chumbani nikiburuta maneno na yule dada wa kwenye video. Akaanza kuniigiza, nikadhani ni mchezo. Sasa anaburuta kweli, anapoongea na bibi yake, na likitoka neno zima bila kukwama bibi anapiga makofi: "Leo umesema vizuri!" Mama yangu huyo huyo anayesema nisimkosoe Mungu. Juzi binti alianza kunisimulia jambo la shule, akakwama, akanyamaza, akasema, "Basi, nimesahau." Hakuwa amesahau. Ujanja huo naujua, niliishi nao miaka mingi.

Nikiacha mazoezi, namfundisha kwamba mtu mwenye kigugumizi akitajiwa cheo arudi nyuma. Nikiendelea, anaona mama yake anakazana kuondoa kitu ambacho alimwambia hakina ubaya. Nimejaribu kumweleza kwamba ni kwa ajili ya simu za kazini tu. Akaitikia, ila kwa jinsi alivyoitikia sidhani kama ameamini, na sijui kama mimi mwenyewe naamini. Maana ukweli ni kwamba usiku nikilala nawaza jinsi ingekuwa kusema jina langu tu, likatoka. Nawaza kwa hamu. Kama nimejikubali kama ninavyosema, hamu hii inatoka wapi?

Mganga Mkuu wa Wilaya anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba unisaidie katika mambo haya. Je, nimwambie yule dada tuhamie njia ya pili, ya kugugumia bila hofu, hata kama simu zitabaki ngumu? Nikipokea nafasi hii, niwaambie wafanyakazi siku ya kwanza kwamba simu za rufaa zitapigwa na mwingine, au nisubiri nione? Na mama yangu nimkanye vipi kuhusu yale makofi, bila kumvunjia adabu na yeye ndiye anayenilelea watoto nikiwa zamu ya usiku?

Wasomaji wenye kigugumizi, hasa wenye watoto, nao naomba waniambie walivyofanya.

Jina langu usilitaje tafadhali, kituo chetu ni kidogo.

Mkunga, Tanga