Magoti anayo

Mama,

Shikamoo. Pesa nimetuma jana. Nusu iliyobaki ni mwisho wa mwezi, na msinisukume. Sisi wazima, kazi ipo, mengine tuyaache. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea tu, Shangazi naye yupo ubavuni anasikiliza, na haya yanamhusu yeye.

Amesema kwenye kundi la familia, mpaka wakwe zangu wakasoma, eti mjukuu wako "hana magoti". Kisa ile video anayojiburuza kwa makalio. Halafu akaongeza kwamba wa Dada alitembea na miezi tisa, kama kawaida yake.

Sasa mwambie magoti anayo, mawili, ila hayamshughulishi. Mguu mmoja anaukunja, mwingine anaupiga kama kasia, na akiona mlango wa bafu uko wazi humkamati. Nilikwenda naye kliniki (hili baki nalo wewe), muuguzi akamkagua miguu na nyonga, akacheka. Wapo watoto wasiotambaa kabisa, na hawa wa makalio mara nyingi huchelewa kidogo kutembea. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na mwaka 2006 likatoa majibu: kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Wetu ana 11 na wiki tatu. Hata mwaka hajatimiza, keshawekwa kikao!

Na anasimama dede. Juzi alishika kochi, akajivuta, akaenda ubavu ubavu kama kaa mpaka mwisho, kisha akageuka kuniangalia anasubiri makofi. Nilichelewa kuyapiga, nilikuwa nafuta machozi. Kile kigari cha magurudumu Shangazi anachotaka kumtumia akiache huko huko. Hakimfundishi mtoto kutembea, na wengi wameporomoka nacho kwenye ngazi.

Vidole ndivyo ungeviona. Zamani alikuwa anakomba kitu kwa kiganja kizima, siku hizi ni gumba na cha shahada tu, kama fundi saa. Anaokota unywele wangu kwenye zulia, anautazama, anautia mdomoni. Nafagia mara tatu kwa siku na bado ananishinda. Kijiko anakiangusha, anachungulia kilikoangukia, nakiokota, anakiangusha tena. Baba yake anasema ni utundu. Mimi naona anatuchunguza, kijiko na mimi, nani atachoka kwanza.

Halafu hili nalo Shangazi aliweke kwenye kundi: ameshasema neno. Ananyoosha kidole juu anasema "ta!" Washa, "ta!" Zima, analalamika. Taa, Mama. Ukishavuka mlango wa nyumba hii hakuna mtu wa kumwelewa, lakini neno lake la kwanza ni la kwetu. Wa Dada alianza na lipi? Muulize tu, taratibu.

Kitu kimoja kinanikosesha raha. Siku hizi nikienda hata chooni analia kama nimehama, na mtu asiyemzoea akimsogelea anauficha uso shingoni mwangu. Wanasema ni umri, itapita. Ila nikiwaza siku tutakayokuja, najua atakulilia. Wewe, uliyemwimbia kwenye simu tangu ana siku mbili! Usiumie, na usimnyakue. Kaa chini, mtazame kwa mbali kama humtaki, atakujia mwenyewe kwa makalio yake. Tulisema tutakuja kwa siku yake ya kuzaliwa. Najua nilisema. Haitawezekana, na usimwambie Baba mpaka nimpigie mwenyewe.

Jumapili ulipokata simu, niliiacha mkononi mwake. Akaigeuza, akachungulia nyuma. Akaitikisa, akachungulia tena. Miezi michache nyuma kitu kikimtoka machoni kilikuwa kimekwisha, hata hakisumbukii. Sasa anajua kipo mahali. Alikutafuta mpaka chini ya mto, Mama, nikamwambia Bibi amelala.

Mwanao