Taa za tyubu zaweza kumdanganya fundi macho

Mhariri,

Katika karakana kadhaa nilizozizuru Kariobangi na Gikomba, mafundi wangali wanafanya kazi chini ya taa za tyubu zenye choki (kifaa cha kudhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu) za zamani, ambazo kwa umeme wetu wa hezi 50 humetameta mara 100 kwa sekunde, hata mashine inayozunguka kwa kasi yaweza kuonekana kana kwamba imesimama. Hatari hiyo hunitia hofu kuliko bili ya stima, ingawa tyubu ya wati 36 yaweza kubadilishwa kwa ya LED ya wati 18 hivi. Tyubu kuukuu, ziwe za nyumbani au za kazini, zisivunjwe wala kutupwa jaani kwa kuwa zina zebaki. Naiomba serikali ya kaunti ituwekee vituo vya kuzikusanya.

Msomaji,
Nairobi