Risala ya Klabu ya Raga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama licha ya majukumu yako mengi, na licha ya barabara yetu uliyojionea mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza na mpira mmoja wa yai na wachezaji 9, baadhi wakidhani wamekuja mazoezi ya soka. Leo tuko 32, wakiwemo wasichana 11. Katika bonanza la mwaka huu tumeshika nafasi ya tatu, nyuma ya timu mbili tu.

Tunayemtazama ni Siya Kolisi wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1991 katika kitongoji cha Zwide, Port Elizabeth, akalelewa na bibi yake katika umaskini. Siku ya majaribio hakuwa na bukta, akacheza na nguo ya ndani. Akiwa na miaka 12 walimwona kwenye mashindano ya vijana huko Mossel Bay, akapata ufadhili wa kusoma shule ya Grey. Mwaka 2018 akawa nahodha wa kwanza mweusi wa Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, katika mechi za kimataifa. Mwaka 2019 akainua Kombe la Dunia Yokohama, England wakilala 32-12, na 2023 akaliinua tena Paris, 12-11 dhidi ya New Zealand.

Mheshimiwa, bukta sisi tunazo, wazazi walichanga. Lakini Kolisi alionekana kwa sababu palikuwa na mashindano ya kuonekana. Hapa kwetu nani ataleta mashindano?

Uwanja wetu ni mawe matupu kuanzia goli la kusini hadi kwenye mtaro. Raga ni kumkaba mwenzako na kumwangusha, na vijana wetu wameshajifunza kukaba upande wa kaskazini tu. Mwezi Mei mwenzetu wa kidato cha pili alishonwa nyuzi 6 gotini. Kila masika maji ya mlimani hupita katikati ya uwanja na kuchimba upya. Shule mbili tulizozialika zilikuja, zikaukagua kwa miguu, zikaomba tukacheze kwao.

Hatuyasemi haya kwa mara ya kwanza. Mwaka juzi mgeni rasmi wa siku hiyo aliahidi greda kabla mwezi haujaisha. Tulipiga makofi sana, tukamvika mgolole. Mwaka jana aliyefuata alisema ahadi ya mwenzake ni ahadi yake, naye, tunakiri kwa shukrani, alituma wapimaji. Walipigilia vigingi 14. Vigingi vipo hadi leo, Mheshimiwa, na majirani wanafungia mbuzi.

Kwa heshima na taadhima tunaomba greda kwa siku mbili, lori 10 za udongo usio na mawe, mtaro ugeuzwe upite pembeni, na milingoti ya magoli mawili. Nyasi tutapanda wenyewe na wazazi wetu. Tunaomba pia utaje tarehe. Katibu wetu ameketi mstari wa mbele na daftari.

Mgolole wako umeandaliwa. Ratiba inaonesha kwamba baada ya hapa ni chakula. Tunakusihi kwanza utembee nasi hadi uwanjani, ni hapo tu nyuma ya bweni. Viatu vya kufunga tumekutafutia.

Tunaomba kuwasilisha.