Kibarua akianguka kwenye ngazi, tusimlaumu yeye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ngazi, kifaa ambacho hapa Moshi kila fundi anacho au anakiazima, na ambacho ni nadra kumwona mtu akikikagua.

Mwezi uliopita, katika jengo la maduka linalojengwa maeneo ya Pasua, saidia fundi mmoja ninayemfahamu alianguka kutoka kimo cha mita tatu hivi akiwa amebeba ndoo ya rangi. Ngazi yenyewe ilikuwa ya milingoti, vidato vyake vimepigiliwa msumari mmoja kila upande, na kidato cha sita (cha ngazi, si cha shule) kilizunguka mara tu alipokikanyaga. Alivunjika mkono wa kulia. Msimamizi alimpa shilingi 20,000 za dawa, akamwambia siku nyingine awe mwangalifu.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Nimefanya kazi ya umeme kwa miaka 19, na tangu nikiwa mwanafunzi nilifundishwa kwamba ngazi ikiegemea ukuta kwa kimo cha mita nne, kitako chake kikae mita moja kutoka ukutani, kisimame juu ya kitu kisichoteleza, na anayepanda awe na mkono wa kujishikia. Kijana aliyepewa ndoo mkono huu na brashi mkono ule ajishikie kwa meno?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri, si kibarua, jukumu la kuhakikisha vifaa vya kazi ni salama. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huuchangia bila kukata hata senti kwenye mshahara wa mtu. Lakini kibarua anayelipwa jioni kwa jioni, ambaye jina lake halijaandikwa popote isipokuwa kwenye simu ya msimamizi, ataanzia wapi kudai?

Ninashauri kwamba Manispaa, inapotoa kibali cha ujenzi, isiishie kutazama ramani, bali imtake mwenye jengo aoneshe kuwa mkandarasi wake amesajiliwa katika Mfuko huo, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wafike pia kwenye majengo madogo ya mitaani. Ile ngazi ya Pasua niliiona tena Jumamosi, imeegemezwa palepale, na kidato cha sita kimeongezewa msumari.

Fundi Umeme,
Moshi